Kitabu cha zamani kimeskaniwa, je ruksa kukipakua? Cheki mwenyewe hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila siku. "Nimekiona Google Books ila hakifunguki, tatizo nini?" "Kipo Internet Archive, si ina maana ni bure?" "Mwandishi alishafariki kitambo, naweza kukichapa upya nikauza?" Kujibu moja moja imenichosha, kwa hiyo nayaweka yote hapa, soma taratibu mpaka mwisho kabla hujauliza tena.

Kwanza tenganisha vitu viwili, maana hapa ndo watu wengi wanapopotelea. Kuna hakimiliki, yaani sheria inasemaje kuhusu hicho kitabu, afu kuna ufikiaji, yaani wenye tovuti wameamua kukufungulia au kukufungia. Hivi vitu haviendi pamoja kama unavyodhani. Vipo vitabu kibao ambavyo hakimiliki yake iliisha kabla babu yako hajazaliwa na bado ukivibonyeza unaambiwa huruhusiwi, na vipo vingine vya juzi tu ambavyo mtu kavipandisha bila kumuuliza yeyote na vinafunguka bila shida. Kufunguka siyo ruhusa, na kufungwa siyo lazima iwe kwamba sheria inakataza. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni hesabu za kujumlisha tu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Jina la kitabu na la mwandishi kama yalivyo kwenye ukurasa wa jina ndani ya kitabu, siyo kama watu wanavyokiita
- Mwaka na nchi kilipochapwa MARA YA KWANZA
- Mwaka aliofariki mwandishi, na kama kuna mfasiri au mchoraji basi na wao pia
- Nchi uliyopo wewe, maana sheria inayokuhusu ni ya hapo ulipo na siyo ya kule seva ilipo
- Sehemu ya kuandika unachokipata, hata kwenye simu inatosha
- Bando la kueleweka, kitabu kimoja kilichoskaniwa kwa picha kinaweza kula MB mia na zaidi

Hatua ya 1: Fungua kurasa za mwanzo, achana na jalada

Jalada linadanganya sana. Nenda kwenye ukurasa wa jina, afu geuza nyuma yake ambako kuna maelezo ya mchapishaji, tafuta mwaka. Ukikuta miaka mitatu minne imepangana, yaani chapa ya kwanza mwaka fulani, ya pili mwaka fulani, we chukua ule wa kwanza kwa maandishi ya awali, ila weka kichwani kwamba toleo lililosahihishwa na kuongezwa lina vipande vipya ambavyo muda wake wa hakimiliki unahesabiwa peke yake.

Angalia na hili: kuna wachapishaji wanaochukua kitabu cha zamani, wanakiskani, wanabandika jalada jipya na kuweka alama ya © na mwaka wa juzi. Ile alama haifufui hakimiliki iliyokwisha. Inaweza kulinda jalada lao jipya au dibaji waliyoiandika wao, lakini maandishi ya ndani yanabaki vilevile yalivyokuwa. Watu wanaiona ile © wanaogopa na kuacha kitabu ambacho ni chao kabisa.

Hatua ya 2: Tafuta mwandishi alifariki lini

Nchi nyingi zinahesabu hakimiliki kuanzia kifo cha mwandishi, kwa hiyo huu mwaka ndo mhimili wa kazi nzima. Njia rahisi ni katalogi za maktaba kubwa, maana zinaandika miaka pembeni ya jina. Mfano ukitafuta yule askofu aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili karne ya 19 utakuta imeandikwa hivi: Steere, Edward, 1828-1882. Tayari, huhitaji kitu kingine, 1882 ndo mwaka wako. Ukikuta kuna mwaka wa kwanza afu kistari na hakuna kitu mbele, usikimbilie kusema bado yu hai, mara nyingi ni mkutubi hakurudi kujaza.

Katalogi zikishindwa jaribu VIAF, ambayo inakusanya majina ya waandishi kutoka maktaba za nchi nyingi, au Wikidata. Hakikisha ni mtu yuleyule, maana majina yanafanana mno, linganisha na vitabu alivyoandika.

Wakiwa waandishi wawili au zaidi walioandika kwa pamoja, unahesabu kuanzia kwa yule aliyefariki wa MWISHO. Hili linasahaulika sana.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nchi yako

Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unasema kima cha chini ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya na Tanzania ziko hapo kwenye 50. Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ni 70. India ni 60. Mexico wao wameenda mpaka 100. Kanada walikuwa 50 wakahamia 70 mwisho wa 2022, ila hawakufufua vilivyokuwa vimeshaisha, kwa hiyo usishangae ukikuta huko kitabu cha mtu aliyefariki 1970 kiko huru na cha aliyefariki 1973 bado kimefungwa.

Miaka haihesabiwi kuanzia siku ya msiba, inahesabiwa kuanzia mwisho wa ule mwaka. Mtu akifariki Machi au Desemba ni sawa tu, na ndo maana vitabu vinaachiwa vyote kwa mkupuo tarehe 1 Januari. Kanuni fupi: mwaka wa kifo + 51 kwa nchi za miaka 50, au + 71 kwa nchi za miaka 70, jibu ni 1 Januari ya mwaka huo.

Hatua ya 4: Piga na hesabu ya Marekani, hata kama hauko huko

Utauliza Marekani inanihusu nini. Inakuhusu kwa sababu maktaba za mtandaoni kama HathiTrust, Internet Archive, Project Gutenberg na Google Books zote ziko huko na wanafungua au kufunga wakiangalia sheria ya kwao kwanza. Na hesabu yao kwa vitabu vya zamani haimwangalii marehemu kabisa, inaangalia mwaka wa kuchapwa: miaka 95. Chukua mwaka wa kuchapwa ongeza 96, jibu ni 1 Januari ya mwaka huo. Kitabu cha 1929 kiliachiwa 1 Januari 2025, cha 1930 kinaachiwa 1 Januari 2026, unaendelea hivyohivyo.

Kuna mlango wa pembeni ambao wengi hawaujui. Vitabu vilivyochapwa Marekani kwenyewe mpaka 1963 vilitakiwa vihuishwe usajili wake ukifika mwaka wa 28, na wachapishaji wengi hawakujisumbua, kwa hiyo hakimiliki ikafa palepale. Chuo cha Stanford kina hifadhidata ya kutafuta kama kitabu cha kati ya 1923 na 1963 kilihuishwa. Ukitafuta kwa jina la kitabu na la mwandishi, kwa tahajia tofauti tofauti, ukakosa kabisa, uwezekano ni mkubwa kwamba kiko huru huko. Lakini mlango huu usiutumie kwa vitabu vilivyochapwa nchi nyingine, maana vingi kati ya hivyo vilirudishiwa hakimiliki Marekani tarehe 1 Januari 1996 hata kama havikuwahi kuhuishwa.

Hebu tuzijaribu hizi hesabu kwa kitabu cha kufikirika tu. Kimechapwa Uingereza 1938, mwandishi kafariki 1958. Nchi ya miaka 50: kimekuwa huru toka 1 Januari 2009. Nchi ya miaka 70: bado, mpaka 1 Januari 2029. Marekani: 1938 + 96, yaani mpaka 1 Januari 2034. Kitabu kimoja, majibu matatu, na yote sahihi. Kwa hiyo mtu akikwambia "hiki kitabu hakina hakimiliki" muulize wapi.

Hatua ya 5: Kichambue kitabu tabaka kwa tabaka

Kitabu siyo kitu kimoja. Kuna maandishi ya asili, kuna tafsiri, dibaji, maelezo ya chini ya kurasa, michoro, ramani, na kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe na muda wake.

Mfano wa karibu ni kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Maandishi ya Kiswahili yalichapwa Göttingen 1903, Carl Velten ndo aliyeyakusanya, na mchango mkubwa ni wa Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyefariki Berlin 1927. Marekani hayo maandishi yako huru muda mrefu. Velten alifariki 1935, kwa hiyo hata kwenye nchi ya miaka 70 yako huru toka 2006. Sasa mtu anasoma hivyo anafurahi, anaenda kupakua tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen iliyotoka 1981 na kuisambaza. Hapana! Tafsiri ni kazi mpya, ina hakimiliki yake, na hiyo bado inalindwa. Ukitaka kusambaza, sambaza ya 1903.

Kuskani peke yake hakuzai hakimiliki mpya. Mahakama moja ya New York ilishaamua mwaka 1999 kwamba picha inayonakili kitu bila kuongeza ubunifu wowote haina hakimiliki yake. Nchi zote hazifanani kwenye hili, ila mwelekeo ni huo.

Hatua ya 6: Sasa nenda katafute nakala iliyo wazi

Usianze na tovuti moja ukaishia hapo. Kitabu kilekile kinaweza kuwa kimefungwa hapa na kiko wazi pale, nimeona mara nyingi sana.

HathiTrust: mimi huanza hapa kwa vitabu vya kitaaluma kwa sababu wanajali sana hadhi ya kila kitabu. Ukiona "Full view" unasoma chote, ukiona "Limited (search only)" unaambiwa tu neno liko ukurasa wa ngapi. Kumbuka wanaangalia uko nchi gani. Kitabu kilichochapwa Ulaya 1903 kinaweza kuwa wazi kwa mtu wa Marekani na kikafungwa kwako. Na kupakua kitabu kizima kwa vile vilivyoskaniwa na Google ni kwa wanachama wa vyuo vyao, wengine mnasoma kwenye skrini au mnachukua ukurasa kwa ukurasa, inachosha lakini inawezekana.

Internet Archive: hapa kuna vya aina mbili na watu wanavichanganya. Vilivyo huru utaona orodha ya kupakua pembeni, PDF, EPUB, maandishi matupu. Vya kuazima vina kitufe cha kuazima kwa saa moja au siku 14, na hivyo VINA hakimiliki au hadhi yake haijulikani. Kuazima siyo kumiliki, usianze kupiga skrinishoti kurasa zote.

Google Books: walianza 2004, wana vingi kuliko unavyoweza kumaliza, ila ni waoga. Kuna vya kuona chote, vya kuona baadhi ya kurasa, na vya vipande vya mistari mitatu tu. Waandishi waliwashtaki kwa hivyo vipande na mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema mwaka 2015 kwamba ni matumizi halali. Ukiona kipande tu kwenye kitabu cha 1880 usikate tamaa, mara nyingi ni kompyuta imeshika mwaka wa chapa ya baadaye.

Project Gutenberg: zaidi ya vitabu 70,000, maandishi yamesafishwa, faili ni ndogo na zinafaa simu. Ila wamecheki sheria ya Marekani tu, na wanasema hivyo waziwazi. Kwa vitabu 18 vya Thomas Mann, Heinrich Mann na Alfred Döblin walishtakiwa Ujerumani, wakaamua kuifungia nchi nzima toka 2018 mpaka 2021.

Usisahau Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, na Wikisource.

Hatua ya 7: Soma lebo na masharti

Baadhi ya vitabu vipya kabisa ni bure kwa sababu mwenyewe kaamua, hivyo utavikuta kwenye Directory of Open Access Books na sehemu kama hizo. Angalia leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ambayo mwenye kitabu kaitoa mapema kwa kila mtu. CC BY ni tumia utakavyo ila mtaje mwandishi. Ikiwa na NC, usiuze. Ikiwa na ND, usisambaze uliyoibadilisha, na kutafsiri ni kubadilisha. CC0 maana yake mwenyewe kaacha kila kitu.

Kwenye maktaba za kidijitali utakutana pia na lebo inayosema hakuna hakimiliki Marekani. Soma mpaka neno la mwisho, imesema Marekani. Na ile inayosema hadhi haijachunguzwa maana yake ni hiyohiyo, hawajui, kazi wamekuachia wewe, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 8: Pakua na tunza ushahidi

Piga skrinishoti ya ukurasa wa jina, wa nyuma yake, na wa katalogi wenye mwaka wa kifo. Andika tarehe uliyocheki na hesabu uliyopiga. Weka kwenye folda moja na faili la kitabu. Siku mtu akikuuliza, au tovuti ulikokiweka kitabu ikakiondoa, utakuwa na cha kuonyesha.

Makosa yanayojirudia

Kudhani "hakichapwi tena" ni sawa na "hakina mwenyewe". Kitabu kinaweza kupotea madukani miaka 40 na hakimiliki ikawepo, warithi wapo.

Kutumia VPN kufungua kilichofungwa kwa nchi yako afu kudhani umemaliza. VPN inabadilisha unachokiona, sheria ya pale ulipokaa haibadiliki.

Kufuta jina la mwandishi kwa sababu hakimiliki imeisha. Nchi nyingine haki ya kutajwa haiishi, na hata zinapoisha zote, jamani ni adabu tu.

Kuuza kabla ya kuuliza. Kusoma na kujifunza ni kitu kimoja, ukitaka kuingiza hela tafuta mwanasheria wa hakimiliki akaangalie hizo hesabu zako kabla hujachapa.

Ikigoma

Hukipati kabisa: badili tahajia. Wazungu wa zamani hawakuandika Swahili kama sisi. Kamusi ya Krapf ya 1882 jina lake lina neno Suahili, wengine waliandika Suaheli, kwa hiyo tafuta kwa namna zote. Majina ya miji nayo vilevile. Na usitafute kwa jina refu lote, chukua maneno mawili yasiyo ya kawaida na jina la ukoo la mwandishi.

Unatafuta neno ndani ya kitabu halipatikani na unaliona kwa macho: kompyuta ilisoma vibaya. Herufi r na n zikibanana inasoma m, na ng' yenye kialama chake inavurugika kila mara. Tafuta nusu ya neno. Vitabu vya Kijerumani vyenye zile herufi za kizamani zilizopindapinda ndo balaa zaidi, hapo peruzi tu kwa faharasa ya mwisho.

Kurasa hazipo, au unaona kidole cha mtu kimevalishwa kimpira kimeziba mistari miwili: tafuta skani ya maktaba nyingine ya chapa hiyohiyo. Ramani zilizokunjwa mara nyingi ziliskaniwa zikiwa zimekunjwa hivyohivyo, kwa hizo itabidi utafute ramani yenyewe kwenye mkusanyiko mwingine.

Kitufe cha kuazima kilikuwepo jana leo hakipo: wachapishaji wanne wakubwa waliishtaki Internet Archive, wakashinda Machi 2023, na rufaa ikaamuliwa hivyohivyo Septemba 2024. Vitabu zaidi ya laki tano viliondolewa kwenye uazimaji. Siyo simu yako. Kama una ulemavu wa kuona, ulizia utaratibu wao wa watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, upo tofauti, na Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliwekwa kwa ajili hiyohiyo.

Mwaka wa kifo haupatikani popote: tafuta angalau mwaka wa kuzaliwa, jifanye aliishi miaka 100, afu ndo uongeze 50 au 70. Ukiona bado jibu limeshapita basi lala usingizi. Likiwa halijapita, kichukulie kwamba kinalindwa.

Umepiga hesabu zote, kitabu kiko huru kwako na tovuti bado imekifunga: waandikie. HathiTrust na Google wana fomu za kuripoti kitabu kilichowekewa hadhi isiyo sahihi. Andika kwa ufupi, jina la kitabu, linki, mwaka na mahali pa kuchapwa, mwaka wa kifo cha mwandishi na umeutoa wapi, ambatanisha zile skrinishoti za hatua ya 8. Usiandike malalamiko marefu, anayesoma anahitaji mwaka tu. Wakati unasubiri jibu pitia tena tovuti nyingine za hatua ya 6, maana nakala kutoka maktaba nyingine inaweza kuwa iko wazi muda wote huo.